Makofi ya Bi Mwakeye

Katubuka, Kigoma
Jumapili jioni

Mwanangu Editha,

Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu blanketi, kuhusu wezi wa stendi na kuhusu kutokula kila unachokaribishwa njiani. Migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, ameifunga kwenye gazeti na mifuko juu yake ili abiria wenzako wasikuchukie kabla hamjafika mbali. Kwa hayo mimi sina la kuongeza. Wewe umekwenda Gungu kuwaaga rafiki zako, nyumba imetulia, nami nimekaa barazani nakuandikia jambo ambalo nikilisema kwa mdomo nitapiga kelele mpaka majirani wajae uani.

Juzi yule bosi wako mpya wa televisheni alinipigia simu. Kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo ya pili kabla sijaitikia ya kwanza. Alisema kipindi chako kitafunguliwa na Bi Mwakeye, yule bibi wa vichekesho unayemwigiza redioni, na kwamba siku hiyo ya kwanza wangependa awepo studio Bi Mwakeye wa kweli, yule bibi uliyejifunzia kwake, ili watazamaji wawaone mkiwa pamoja. Nauli watatoa wao. "Editha ametuambia ni bibi mmoja Mrundi anayewauzia mawese hapo nyumbani, Mzee. Tunaomba utusaidie kumpata."

Unajua simu yangu huwa naiweka sauti ya nje kwa sababu ya sikio langu bovu. Bibi yako, mama yangu mzazi, alikuwa ameketi mkekani karibu nami anachambua maharage. Alisikia kila neno.

Muuza mawese hatuna, Editha; uliyejifunzia ni yeye. Kwa hiyo kesho unapanda basi huku umembeba Bibi yako mkobani, na ukifika Dar es Salaam utamtoa mbele ya kamera watu wamcheke. Nataka umtoe mkobani kabla hujafika. Ndilo neno langu moja, na mengine yote humu ni kukueleza kwa nini.

Tuanze na yule mzungu, maana ndiye aliyekupa kazi. Kiangazi kilichopita alishuka Kibirizi na kamera yake, akawakuta akina mama waliotoka vijiji vya ziwani wanasalimiana kama wanavyosalimiana siku zote: magoti yanakunjwa, viganja vinakutana taratibu, habari za nyumbani, za watoto, za mihogo, na makofi kati ya habari na habari. Akawarekodi. Kisha akajirekodi yeye mwenyewe akiwaiga, amechuchumaa, amebenua midomo, anapiga makofi kama mtoto anayetaka peremende, akatia muziki wa sarakasi na kuirusha mtandaoni. Mimi niliiangalia mara mbili, na ya pili ilinikatisha hamu ya chakula. Usije ukasema baba alimtetea mzungu. Alistahili kila tusi lililompata.

Mji ukawaka. Diwani akatoa tamko. Jirani yetu wa nyuma, ambaye mkewe hukimbilia kwetu akishapigwa, alivaa fulana iliyoandikwa UTU WETU SI MZAHA. Nawe ukafungua kipindi chako cha asubuhi redioni kwa kulia. Ulilia vizuri sana. Kilio chako nakijua tangu ukiwa unabebwa mgongoni, na kile hakikuwa chenyewe, lakini kilisikika mpaka Dar es Salaam. Mzungu akafuta video, akaomba radhi, akaenda zake. Wewe ukaanza kuitwa sauti ya Kigoma, na barua ya kazi ikafuata.

Katikati ya machozi yako na hiyo barua ilipita siku ya Bwana Amirali. Naona huipendi siku hiyo, maana hujawahi kuitaja mezani.

Bwana Amirali ameuza vipuri vya baiskeli mjini hapa tangu mimi kijana. Amezaliwa hapa, na baba yake amezikwa hapa. Ilivuma kwamba ameisambaza ile video akiipambia vikatuni vya kucheka. Baadaye ilijulikana aliyeisambaza ni mpwa wake anayeishi Mwanza, lakini hakuna aliyerudi dukani kumwambia pole. Vijana walimtoa nje, wakamsimamisha juani. "Na Mhindi naye anatucheka! Piga magoti! Wapigie makofi bibi zetu, uwaombe radhi!" Mtu wa umri wangu, Editha. Alipiga magoti kwenye mchanga, akakutanisha viganja, akatoa salamu ya Kiha ile ndefu, inayouliza ng'ombe na kuuliza mpaka waliofiwa. Wale vijana hawakuelewa hata neno moja, kwa sababu wengi wao Kiha hawakijui, kama wewe usivyokijua. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini.

Nawe ulikuwepo na kipaza sauti chako. Ulikisogeza mdomoni mwake. "Mnasikia, wasikilizaji? Leo amejifunza."

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nimesimama penye bodaboda. Nusu ya vijana wale niliwafundisha kusoma. Ningewaita kwa majina yao wangetawanyika, maana mtoto uliyewahi kumshika sikio hata akiota ndevu hushtuka akisikia sauti yako. Sikuwaita. Nilijiambia Mhindi hawezi kukosa kosa, nikaondoka na mkate niliotumwa.

Jumamosi ikafika, saa ya vichekesho ikafika, na Bi Mwakeye akaingia redioni kama kila Jumamosi. Makofi. "Mwakeye! Mwakeye!" Kiswahili cha kukwama kwama. Mtangazaji mwenzako akamwuliza kama amevuka mpaka kwa kibali au kwa kuogelea. Mji ule ule ukacheka, na jirani yetu akacheka mpaka nikamsikia ng'ambo ya ukuta, na ile fulana alikuwa nayo mwilini. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi nimeona mji mzima unaushika mkuki huo huo, asubuhi unalia, jioni unachoma.

Nilipokuuliza, ulinijibu haraka haraka, kwa sababu ulikuwa umejiandaa. "Baba, mzungu ni mzungu. Hao walitutawala. Mimi ni mtu wa hapa hapa, najitania mwenyewe. Ni utani tu."

La mzungu nimelifikiria sana na sikukatalii. Kicheko chake kina historia nyuma yake, na kidonda cha zamani kikiguswa huuma kuliko kipya. Anayesema ni sawa kabisa na chako anadanganya. Ila wale akina mama wa Kibirizi, mzungu aliwacheka mara moja, na nchi nzima ikasimama upande wao. Wewe umewacheka miaka, Jumamosi kwa Jumamosi, na hakuna aliyesimama. Hata mimi sikusimama.

La utani ndilo lililonikera zaidi, maana unalitumia neno usilolijua. Nilipokuwa nafundisha Tabora nilikuwa na mtani wangu Mnyamwezi. Aliniita mtumwa wake mbele ya walimu wote, nami nikamwita mwizi wa kuku mbele ya mkewe. Babu yako alipofariki, mtu yule alisafiri mpaka Kasulu, akaingia kaburini, akalala humo, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Alimtukana marehemu na machozi yanamtoka. Naye alipofiwa nilikwenda, nikavaa koti la marehemu, nikawaharibia msiba kama inavyotakiwa. Huo ndio utani. Mwenzako ana ulimi kama wako, na siku ya kufa anakubeba. Bibi yako atakujibu kwa redio gani?

Na hilo la kujitania mwenyewe, mwanangu, acha kabisa. Ungekuwa unajitania mwenyewe, Bi Mwakeye ungemfanya Muha wa Kasulu. Ulimfanya Mrundi. Ulijua ukisema Muha mtu atakuuliza, "Kama bibi yako?" Mrundi hana wa kumsemea mjini hapa. Waliopo wako kwenye kambi za wakimbizi, au wako humu humu mitaani wamenyamaza ili wasijulikane, na anayejificha hatoi tamko kwa waandishi wa habari. Uliangalia kote, ukamchagua asiyeweza kukukasirikia. Mzungu wako naye alichagua hivyo hivyo.

Nakuumiza, najua. Nataka uumie. Umeishi na sifa tangu kiangazi, na mtu mwenye sifa nyingi hasikii mpaka abanwe kidole mlangoni.

Lakini usidhani ulianza wewe. Nilipokwenda chuo cha ualimu, mbali na huku, wenzangu walikuwa wakinipigia makofi kila nikiingia bwaloni. Mwisho wa reli, waliniita, na wengine Mrundi, na mmoja aliniuliza mbele ya wasichana kama kwetu tumeshaanza kuvaa viatu. Sikupigana. Nilianza kusema kwetu ni Tabora. Nilipooa nikaapa watoto wangu hawatapigiwa makofi na mtu, na nikaona njia rahisi ni kuwanyima Kiha kabisa. Mama yako alikataa, nikamshinda. Ndiyo maana Kiswahili chako ni safi kuliko cha wenzako wote pale redioni, na ndiyo maana Kiha chako kinaishia kwenye yale maneno unayochekeshea watu.

Uliwahi kuniona kwa macho yako. Ulikuwa mdogo, umeshika suruali yangu uwanjani pa shule. Bibi yako alikuja kutoka Kasulu na kapu la maharage kichwani. Alilitua, akanisalimu kwa makofi yake kama mama wa kwetu anavyomsalimu mwanawe aliyempotea siku nyingi. Mwalimu mkuu, mtu wa mkoa mwingine, alikuwa amesimama pembeni anatabasamu. Nilipaswa kuinama na kumjibu kwa makofi. Niliitikia nimesimama wima, mikono iko mfukoni. "Haya, Mama, karibu." Akaendelea kupiga makofi peke yake kidogo, kama mtu aliyesahau kwamba ngoma imekoma, kisha akayaacha. Wewe ulimtazama, kisha ukanitazama mimi. Nadhani somo lile hujalisahau, maana sikumbuki somo jingine ulilolielewa upesi hivyo.

Sasa nikwambie usiyoyajua.

Siku Bi Mwakeye alipoanza redioni, Bibi yako alikuwa ndiyo kwanza amehamia kwetu. Wewe ulikuwa kazini. Redio ilikuwa jikoni. Makofi yalipolia, alinyanyua kichwa. Aliposikia "Mwakeye", salamu yetu ya Kiha, uso wake wote ulifunguka. "Huyo ni mtu wa kwetu!" Akaweka ungo chini, akakunja magoti yake mabovu, akaitikia. Alipiga makofi kuielekea redio, akauliza habari za nyumbani, akangoja ajibiwe. Ndipo kikaja kile kicheko mnachokiweka kwenye mashine, kile cha watu wengi.

Akabaki vile vile, magoti yamekunjwa. Bi Mwakeye akaendelea, akakohoa kikohozi kidogo katikati ya makofi, kimoja kikavu na kimoja chenye mluzi.

"Mbona anakohoa kama mimi?" aliuliza.

Mama yako alitoka nje. Mimi nikamwambia, "Ni Mrundi mmoja, Mama."

Kwa hiyo uongo wako kwa bosi wako si wako peke yako. Niliutangulia mimi, jikoni kwangu, kwa mama yangu. Yeye akasema, "Kumbe. Maskini, naye wamemcheka." Akauokota ungo. Sijui kama aliniamini. Kuanzia siku ile wageni wakija mikono yake hukaa ndani ya kanga, na anayemwamkia hupata "marahaba" tu kama mtu yeyote wa mjini. Wewe ulifurahi. Ulisema Bibi ameanza kuzoea.

Video ya mzungu hakuiona. Simu hana, na kwa macho yake yale angeona kivuli kinachezacheza. Wakati Kigoma nzima inalia kwa niaba yake, yeye hakujua kama ametukanwa. Tusi alilolisikia yeye kwa masikio yake lilikuwa na sauti ya mjukuu wake.

Baada ya ile simu ya juzi alimaliza maharage yake, akayaosha, akayatia chunguni. Jana ulimpita mlangoni unakimbilia bodaboda, ukamwambia, "Mambo, Bibi!" Akakujibu, "Poa." Ulicheka sana. Ulisema Bibi amekuwa mjanja. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu, nikajikata.

Kazi sikukatazi. Umeipata, nenda ukaifanye, na unayo sauti nzuri, hilo halina ubishi. Ila bosi wako nitampigia keshokutwa. Nitamwambia bibi anayemtaka anaitwa nani, ni wa ukoo gani, na ni nani kwako. Nimekuachia siku moja ili umwambie wewe kwanza. Unaweza ukapoteza kile kipindi, maana nasikia ndicho walichokuitia. Unaweza pia ukagundua kwamba hawajali, na wakakuambia kwamba bibi halisi wa mtangazaji anachekesha zaidi. Hapo ndipo utakapojua umeajiriwa na watu gani, na wao watajua wamemwajiri nani. Na siku nyingine mzungu akitutukana, nami namjua Mungu, atakuja tu mwingine, utatafuta machozi na sijui utayatoa wapi.

Mimi kesho nakwenda dukani kwa Bwana Amirali. Sina ninachohitaji kwenye baiskeli. Anaweza kunifukuza, na akinifukuza nitaondoka kimya kimya, maana kumwomba mtu anisikilize si haki yangu tena.

Limebaki moja. Ukirudi kutoka Gungu, mama yako atakwambia Bibi amelala mapema, usimwamshe. Ameniomba niuache uongo huo upite ili usafiri kwa amani. Nimekataa. Kitanda cha Bibi ni kitupu.

Leo tulipotoka misani aliniomba nauli ya kwenda Kasulu. Nikamwambia, Mama, mjukuu wako anasafiri kesho, unaondoka vipi leo?

"Nimesikia kwamba mimi ni Mrundi," akasema. "Mrundi akikutwa mjini hana kibali, anarudishwa. Bora niende mwenyewe kabla hawajaja."

Nilidhani anatania. Nilicheka, Editha. Nilicheka kwa sauti, pale pale mbele ya kanisa, na yeye akaningoja nimalize, kama mtu aliyezoea kungoja watu wamalize kumcheka. Kisha akanyoosha mkono kupokea nauli.

Nilimpeleka stendi na kifurushi chake. Njia nzima hakusema lolote juu yako, si baya wala jema. Basi lako kesho asubuhi litapita Kasulu, na pale huwa linasimama watu wanunue ndizi. Nilikuwa nimeushika mlango wa gari, sitaki waufunge, nikamwuliza kama nikwambie ushuke umuage.

"Ashuke amuage nani, mwana wanje?" akaniuliza; ndiyo "mwanangu" ya Kiha usichokijua.

Kondakta akautoa mkono wangu mlangoni.

Baba yako